Jina la Tano

Mtu anaweza kumwonea kijicho aliyefiwa? Eulogia Maidana aliweza, tena kwa miaka ishirini na sita mfululizo, na wala hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mhudumu wa shule ya msingi katika mji mdogo wa mkoa wa Corrientes. Alifungua lango, alifagia ua, alichemsha maziwa ya watoto, na ndiye aliyepiga pasi ule utepe wa rangi ya buluu na nyeupe ambao mbeba bendera huuvaa kifuani. Bila Eulogia bendera ya shule hiyo ingetoka imekunjamana kama kitambaa cha jikoni. Lakini nani humshukuru mpiga pasi?

Tarehe mbili Aprili nchi nzima huwakumbuka waliokufa katika vita vya Malvinas, visiwa vya baridi kule kusini. Kwa kuwa siku hiyo ni mapumziko, shule hufanya sherehe yake siku moja kabla. Na kila mwaka Eulogia alitumwa kazi ileile: kutoa kiti kimoja ofisini, kukifunika kitambaa cheupe, na kukiweka mbele kabisa, karibu na mlingoti. Kiti cha Ercilia Sandoval.

Ercilia alikuwa fundi cherehani, mrefu, mwenye shingo ya kujiamini. Kaka yake Rufino alikufa vitani akiwa na miaka kumi na tisa. Kila Aprili alikuja na picha ya Rufino kifuani, akakaa kwenye kiti kile, na mwalimu aliposoma, "Rufino Sandoval," watoto mia tatu katika makoti yao meupe ya shule waliitikia kwa sauti moja: "Yupo!" Hapo wivu ulimpanda Eulogia. Hata mtaa aliokaa yeye Eulogia ulikuwa umebadilishwa jina ukaitwa Askari Rufino Sandoval, kwa hiyo kila bili ya umeme ilimfikia ikiwa na jina la kaka wa mwenzake.

Maana Eulogia naye alikuwa na kaka. Anselmo alipanda lori moja na Rufino, siku moja, na akawekwa naye handaki moja kule kwenye baridi. Tofauti ni kwamba yeye alirudi. Alirudi bila vidole vya miguu, vilivyooza ndani ya buti zenye maji, na bila maneno. Alifungua banda la kutengeneza baiskeli nyuma ya nyumba ya dada yake, na tangu hapo hakutamka neno moja juu ya huko. Mwalimu mkuu wa zamani aliwahi kumwalika akae mbele siku ya sherehe. Anselmo akasema hapana, na hakuna aliyemwalika tena.

"Wewe Eulogia ulibahatika," Ercilia alimwambia kila mwaka akipokea kikombe chake cha chokoleti ya moto. "Wako alirudi."

"Nilibahatika, Bi Ercilia," Eulogia alijibu, na moyoni akaongeza mengine yasiyofaa kuandikwa. Alirudi, ndiyo. Nani alimpigia makofi? Nani alimletea ua? Usiku anapopiga kelele usingizini, nani anayeamka, shule nzima au dada yake peke yake? Wahenga walisema kufa kufaana, na Eulogia aliona ukweli wake kila Aprili: Rufino alikuwa amemfaa dada yake kuliko Anselmo alivyomfaa wa kwake. Liliwahi kumpitia wazo hilo waziwazi akiwa anakuna sufuria, akashtuka, akasali, na mwaka uliofuata likarudi.

Mwaka wa ishirini na sita sherehe alikabidhiwa mwalimu mgeni, binti aitwaye Marisel, aliyehamia kutoka mji mkuu wa mkoa mwezi mmoja tu kabla. Hakumjua mtu. Asubuhi ya sherehe alikuja jikoni na karatasi mkononi.

"Bi Eulogia, wewe ndiye mwenyeji hapa. Haya ndiyo majina ya mashujaa wetu wote? Naogopa kumsahau mtu."

Karatasi ilikuwa na majina manne. Eulogia aliyajua kwa moyo. Uani kiti kilikuwa kimeshawekwa, na kitambaa chake cheupe kilionekana dirishani.

"Wamemsahau mmoja," alisema. "Nipe kalamu."

Akaandika chini ya jina la nne, kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika: Anselmo Maidana.

"Ni ndugu yako?" Marisel aliuliza taratibu.

"Kaka yangu."

"Pole sana, mama," binti yule alisema, akamshika bega. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa Eulogia pole kwa ajili ya vita vile, na, Mungu amsamehe, aliipokea.

Sherehe ikaanza. Mbeba bendera aliingia na wasindikizaji wake wawili, wote wakasimama, wimbo wa taifa ukaimbwa, wakanyamaza dakika moja. Ercilia alifunga utepe mweusi kwenye mti wa bendera, kazi iliyokuwa haki yake, akapokea shada la maua la shule, akarudi kitini. Eulogia alisimama mlangoni mwa jikoni na upawa mkononi. Marisel akasoma jina la kwanza. Yupo. La pili. Yupo. La tatu. Yupo. La nne: Rufino Sandoval. Yupo.

"Anselmo Maidana."

"Yupo!" watoto wakaitikia, kwa nguvu ileile, maana watoto huitikia lolote wanaloitishwa.

Kwa muda mfupi, kama wa kumeza funda moja la maji, Eulogia alifurahi. Kisha akasikia ukimya. Wazazi walikuwa wakitazamana.

"Anselmo yupi?" mke wa mwoka mikate alinong'ona, na mnong'ono wake ni wa kusikika mtaa wa pili. "Si jana tu kanizibia pancha?"

Mtu mmoja akacheka. Na hapo ndipo Eulogia alipoelewa alichofanya. Miaka ishirini na sita alikuwa akisikia watoto wakiitikia majina yale, na hakuwahi kujiuliza kwa nini wanaitikia wao. Wanaitikia kwa sababu wenye majina hawawezi tena. Alikuwa amemchukua kaka yake, mzima, mwenye pumzi, akamzika mbele ya shule nzima ili na yeye apewe pole.

Ercilia aligeuza ile shingo yake ndefu, akamtazama. Afadhali angetukana.

Mwalimu mkuu alipoanza kumfokea Marisel mbele ya bendera ambayo bado haijaondoka, Eulogia alikwenda pale na upawa wake. "Mwache mtoto wa watu. Nimeandika mimi." Akaambiwa kesho alete maelezo kwa maandishi, na chokoleti akagawe mwingine.

Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, lakini habari mbaya ina miguu. Anselmo alikuwa bandani amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu.

"Nimesikia nimekufa," alisema bila kuinua uso.

Eulogia alishika nguzo ya banda.

"Lisemwalo lipo, dada. Kama halipo, laja." Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Waliitikia?"

"Waliitikia."

"Wote?"

"Wote. Nisamehe, Anselmo. Nilimwonea wivu yule mwanamke na kiti chake."

"Kiti." Anselmo alitikisa kichwa. "Unajua kwa nini nilimkatalia yule mwalimu mkuu? Alitaka nikae karibu na Ercilia. Ningekaaje karibu naye? Ananitazama anahesabu. Walikwenda wawili, akarudi mmoja, kwa nini huyu?"

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoyasema juu ya vita kwa miaka ishirini na sita. Eulogia alikuwa bado anayashika moyoni, akiogopa yasije yakamponyoka, lango lilipogongwa.

Alikuwa Ercilia, na picha bado kifuani. Mkononi alikuwa na lile shada la maua la shule, amelikata katikati kwa mkasi wa cherehani, mkato safi.

"Nusu ni yako, marehemu," alimwambia Anselmo.

Anselmo akamtazama, kisha akacheka. Eulogia hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko kile. Akakimbilia jikoni kupasha maji ya yerba, majani yao ya chai, maana mgeni ni mgeni, na mikono yake ilihitaji kazi.

Aliporudi na birika na sahani ya chipa, vile vimkate vya jibini, wawili wale walikuwa wamekaa kwenye viti viwili vya bandani, magoti karibu kugusana.

"Nilikuchukia kwa kurudi," Ercilia alikuwa akisema. "Ndiyo maana sikukuuliza kitu. Leo nauliza. Siku ya mwisho alikula?"

"Alikula. Tuliiba kopo la jamu ya viazi vitamu, tukagawana kwa kijiko kimoja. Rufino akasema, Ercilia angeniona na mikono hii michafu angenichapa."

"Ningemchapa," alisema Ercilia, akajifunika uso.

Anselmo akaendelea. Alieleza jina la sajini, rangi ya blanketi, mzaha wa mwisho wa Rufino, na alivyomfumba macho. Eulogia alisimama mlangoni na birika linamchoma vidole. Hakukuwa na neno moja hapo ambalo yeye hakulisubiri kwa miaka yote, akimfulia, akimpikia, akiamka usiku kumshika mabega. Na yote alipewa yule, kwa nusu ya shada la maua. Wivu ukampanda upya, mbichi kabisa, mkali kuliko wa kiti, na safari hii hakuwa na karatasi ya kuuandikia.

Viti vilikuwa viwili tu. Hakuna aliyemtolea cha tatu, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Akaweka birika chini, akapindua ndoo ya maji ya kutafutia pancha, akakaa juu yake, kando yao.