Mtoto wa Joka

Sylvance alikuwa amekaukiwa na sauti, kwa hivyo dada yake Celine ndiye aliyeshika maikrofoni siku hiyo katika kibanda cha video cha mtaa wa Mukuru kwa Njenga, awasimulie watu sinema ya kigeni kwa Kiswahili. Lakini sinema yenyewe haikuwa na la kusimuliwa. Joka linatema moto, majumba yanaporomoka, basi.

"Sista, umelala? Hilo joka linataka nini?" mtazamaji mmoja akapaza sauti.

"Kama hujui, tuitie Sylvance!"

"Linamtafuta mtoto wake," Celine akabuni.

Vibarua waliotoka viwandani wakaanza kulihurumia joka. "Pole, mama! Pitia kulia, wanajeshi hao!"

Hapo ndipo Celine alipoona amejitia mtegoni mwenyewe. Alikuwa ameitazama sinema asubuhi. Joka huuawa mwishoni, na mtoto hayupo popote.

Mizinga ikanguruma. Joka likaanguka, moshi ukajaa kwenye kioo.

"Na mtoto?" akauliza mzee Wekulo wa benchi la mbele, akifuta macho.

"Yu hai. Yuko nyuma ya moshi huo."

Wakangoja. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda kiooni, na hakuna aliyeinuka.