Gumba Chini

Januari ile baridi ya mji wetu wa Elko ilikuwa kali hata kivuli changu kiligoma kushuka garini. Nilikiacha humo humo, nikaingia ukumbini peke yangu, mkono wa kushoto mfukoni. Mkono huo hauna kidole gumba. Kila mwaka, kwenye tamasha letu la mashairi ya wachunga ng'ombe, huutoa kwenye ubeti wa nne tu, watu wapige makofi.

Shairi langu lina dhoruba ya theluji na fahali mweusi mkubwa kama kanisa. Namrushia kitanzi nikiwa juu ya farasi, nazungusha kamba kwenye kile kipembe cha mbele ya tandiko, fahali anavuta, na kidole kinabaki hapo hapo kati ya kamba na kipembe:

*Akaja fahali mbio kutoka bondeni,*
*nikazungusha kamba, moyo juu, gumba chini.*

Nimelighani miaka kumi na tisa, na kila mwaka fahali ananenepa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa mpishi. Miaka thelathini na mmoja niliwapikia maharagwe wapanda farasi wa ranchi moja chini ya Milima ya Ruby, na kidole kilichukuliwa na mashine ya kusagia nyama, Alhamisi moja, nikitengeneza soseji. Farasi nimepanda mara mbili. Mara ya pili alinirudisha jikoni mwenyewe.

Alasiri hiyo nilighani, nikatoa mkono, makofi yakapigwa. Nikashuka kwenda meza ya kahawa, alikokuwa amesimama Hollis, msimamizi wetu wa zamani ranchini. Hollis alikuwepo Alhamisi ile. Hajawahi kusema neno juu ya shairi langu, nami nilikuwa nimejiaminisha kwamba masikio yake yamezeeka.

Ndipo akaja binti mmoja, kamba begani. Alijitambulisha kuwa Maren, anafanya kazi kwenye ranchi ya mjomba wake upande wa Owyhee. Anarusha kamba kwa mkono wa kushoto, na wanaume wote wa kule wanamsumbua abadilishe. Mwaka jana alinisikia hapa, akarudi nyumbani na furaha ya kumpata mwenzake wa mkono wa kushoto.

"Ile ya gumba chini, Mzee Verl," akasema. "Nimeifanyia mazoezi mwaka mzima, ila kuna kitu nakosea. Hebu nionyeshe."

Akavua glovu. Kidole gumba chake kilikuwa cheusi, kucha haipo, ngozi imechubuka mpaka kwenye kiungo. Wala hakuwa analalamika. Alidhani kosa ni lake.

Ile "chini" niliiweka ili ikubaliane na "bondeni". Basi.

Akanikabidhi kamba. Watu wakasogea watazame. Hollis alikuwa akikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. Uongo ulishanifika mdomoni, tena uongo mzuri, una fahali wa pili ndani yake. Kisha nikakitazama tena kile kidole.

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kufanya hivyo hata siku moja. Mimi mpishi tu, mwanangu. Hiki kilikatwa na mashine ya soseji."

Nilitegemea wacheke. Hawakucheka.

Hollis akaichukua kamba mkononi mwangu polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Gumba juu," akamwambia Maren. "Siku zote juu, kama umeshika kikombe. Likiwa chini, kamba inalimeza." Akanigeukia. "Tulijua tangu mwaka wa kwanza, Verl. Tuliona acha mpishi ajifurahishe."

"Mlijua wote?" Maren akauliza.

Hollis akatazama kikombe chake. Na wale waliosogea, kila mmoja akakumbuka kiti chake.

Maren akavaa glovu. Ilipogusa kidole, akafumba jicho moja. Akanishukuru, kwa adabu ile ile unayompa mtu ambaye hutamuuliza kitu tena.

Saa kumi nilikuwa na zamu nyingine jukwaani. Nikaghani ubeti wa nne kwa gumba juu, vina vikavunjika, nikasimulia habari za soseji, mashine na Alhamisi. Kiti nilichotegemea Maren akikalie kilikuwa kitupu. Dirishani nilimwona Maren nje kwenye theluji, tandiko limewekwa juu ya uzio, Hollis kando yake, naye binti akizungusha kamba, akifungua, akizungusha tena.

Mkono wangu haukutoka mfukoni.