Wivu wa Lyle Mizanini

Lyle Hutchens aliipandisha pikapu yake kwenye mizani ya kituo cha malori nje ya mji wa Guymon, trela la kulala likiwa nyuma na mama yake, Verlene, kando yake. Mama alitaka kuiona milima ya Colorado kabla magoti hayajamwishia kabisa, na safari hii Lyle alikuwa amemuwahi mdogo wake Royce kujitolea. Lakini mkia wa pikapu ulikuwa umelala chini, na taa za mbele zilielekea mawinguni.

Dada wa mizani alitoka nje.

"Trela halina neno, kaka. Gari lako linaweza kuvuta hata zaidi ya hilo. Tatizo ni ulichobeba. Umezidisha pauni mia sita."

"Nimembeba mama tu."

Dada akachungulia ndani. "Ni wivu huo. Una ndugu?"

"Mdogo wangu. Kanunua pikapu mpya juzi."

"Basi ndiyo hiyo. Watu wanadhani wivu unavutwa. Hauvutwi, unabebwa. Unahesabiwa pamoja na abiria."

Lyle hakubisha. Alishusha sanduku la spana, jeki na gurudumu la akiba, akaviacha ukingoni. Pikapu ikainuka, na moyo wake ukatulia. Tangu utotoni alitamani mama awe wake peke yake, hata kwa wiki moja tu.

"Ya Royce inabeba zaidi, eti?" mama akauliza, huku akifungua biskuti. "Na viti vyake vinapashwa moto. Yule mtoto anajua kuchagua."

Springi zikalia. Dada akasoma namba mpya.

"Mama, ungenyamaza kidogo."

"Kwani nimesema nini? Nimesifu gari."

Hakikubaki cha kushusha. Lyle akampigia simu Royce mwenyewe. Royce alikuja akipiga mluzi, akalifunga trela kwenye pikapu yake mpya, akampandisha mama, akapita mizanini bila shida yoyote. Hakuwahi kumwonea mtu wivu, angemwonea nani?

Mama akateremsha kioo. "Umefanya la maana, Lyle," alisema kwa upole, "kumwita mwanangu."

Wakaondoka. Pikapu ya Lyle, isiyo na trela wala abiria, ikashuka taratibu mpaka fremu ikagusa zege. Dada akamletea kahawa dirishani, kisha akawaambia madereva waliokuwa kwenye foleni wazungukie upande wa pili.