Sungura wa Upande wa Kushoto

Mbuke alipopewa kazi ya kulisha sungura wa Shamimu, aliambiwa jambo moja tu la kushika: wa kulia wachanganyiwe unga wa mlonge kwenye pumba, wa kushoto wapewe pumba tupu. Kazi gani rahisi kama hiyo? Mtu aliyewapikia kwa kuni wachimbaji wa dhahabu kule Rwamgasa mpaka kifua kikakataa, atashindwa na sungura?

Shamimu, binti wa Kahama mjini aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya tiba ya mifugo, alikuwa amepanga ua wa Mbuke hapo Kagongwa ili aweke banda lake. Kila asubuhi aliwaingiza sungura wote kwenye sanduku lenye moshi wa kuni, kisha akawarudisha bandani. Alitaka kujua kama viondoasumu vilivyomo kwenye mlonge vinaweza kuyakinga mapafu yasiharibiwe na moshi. Ikionekana vimewasaidia sungura, alieleza, ndipo wataalamu wataanza hata kufikiria kuvijaribu kwa watu. Mbuke alimwelewa vizuri sana. Binti yake Lusia ndiye aliyerithi mafiga ya Rwamgasa, na siku hizi kwenye simu alikuwa anakohoa kuliko anavyoongea.

Kilichomponza Mbuke ni huruma. Sungura wa kushoto walitoka kwenye moshi macho mekundu, wakajikunyata pembeni, naye akawaona mama lishe wenzake kabisa. Akawapa na majina yao: huyu Ritha, yule Bernadina, yule mwenye sikio lililochanika Nelly. Ukishampa sungura jina la shoga yako, utamnyimaje? Na mlonge wenyewe ulikuwa umejiotea kwenye uzio wake. Jioni, Shamimu akishaondoka kurudi mjini, Mbuke alichuma majani mkono ukajaa, akayapenyeza kwenye waya za upande wa kushoto. Alilala roho nyeupe, kama mtu aliyetoa sadaka.

Kwamba mwisho wake wote wangeuawa, hilo hakulijua. Au labda aliambiwa, akasikia alichotaka kusikia. Siku ilipofika, Shamimu aliwachoma sindano ya usingizi usio na kuamka, akawapasua mmoja mmoja juu ya meza, Mbuke akishika ndoo. Zamu ya Nelly ilipofika alitazama pembeni.

Mapafu ya huku na ya kule yalifanana. Shamimu aliyakagua tena na tena, kisha akavua glavu na kukaa kwenye kigoda. Alisema hakuna tofauti, ataandika kwamba mlonge haukusaidia kitu, na atatafuta jambo lingine la kusomea. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza Mbuke. Akinyamaza, nani atajua? Sungura wamekufa, hawasemi. Lakini dawa ambayo huenda siku moja ingemfaa Lusia ilikuwa inatupwa, na anayeitupa si mwingine ila yeye mama yake.

"Ng'wanawane," alisema, "usiandike hivyo, mwanangu. Hao wa kushoto nimekuwa nawalisha majani ya mlonge."

Shamimu akauliza tangu lini. Mbuke akajibu tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa anawaonea huruma.

"Basi wamekufa bure, Mama Lusia," Shamimu alisema polepole. "Itabidi niue wengine."

Mbuke aliomba kitu kimoja tu, awalishe hao wengine yeye mwenyewe, maana kuwakimbia aliona ni dhambi ya pili. Shamimu alikubali, kwa sharti kwamba milonge ya uzioni ing'olewe. Mbuke aliing'oa kwa mikono yake, hata miche.

Sungura wapya walipoletwa, aliapa hatampa hata mmoja jina. Jioni ya kwanza alichanganya chakula cha wa kulia, akanawa mikono kwa sabuni isinuke mlonge, ndipo akaenda upande wa kushoto na pumba zake. Wote walikuja kwenye waya kumnusa vidole. Mdogo wao, wa kijivu, alipiga chafya, akatulia, akapiga tena. Jina likamtoka Mbuke kabla hajalizuia.

"Lusia," alisema.

Akammwagia pumba tupu, akafunga banda.