Wazoefu wa Wodi ya Njiti

Zahanati ilipofungwa ghafla, muuguzi mmoja ambaye wenzake walimwita Chapuchapu, kwa mwendo wake wa haraka, alirudi kuishi kwa shangazi yake, metroni mstaafu asiyejua kupaka maneno mafuta. Akaomba kazi huku na huku, kimya. Hata wa kumwambia hapana hakutokea.

Ndipo akaweka kwenye simu programu ya akili mnemba ya kuandika wasifu. Unaijibu maswali, inaandika, unaikosoa, inarekebisha.

"Iandike, sawa," alisema shangazi, "lakini na mimi nipitie. Hiyo haijawahi kukesha na mgonjwa."

Wakawa wanakaa sebuleni, mmoja akisoma, mwingine akikosoa. "Hapa inasema 'alishiriki huduma'. Huduma gani? Sema ulifunga vidonda, ulichoma sindano, ulizalisha." Chapuchapu aliingiza maoni hayo, na kufumba na kufumbua wasifu ukarudi umenyooka. Kazi ikanoga, mpaka shangazi akaanza kuisifia programu ile kama mwanafunzi wake.

Kisha likatoka tangazo la hospitali iliyotafuta wauguzi wa wodi ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Chapuchapu alilibandika tangazo kwenye programu, na wasifu ukarudi na sentensi mpya: *Mzoefu wa kuhudumia njiti, anayetambua hatari kabla mashine haijalia.*

Shangazi akaiwekea kidole. "Hii imetoka wapi? Wewe njiti umewahudumia lini?"

"Wakati wa mafunzo, shangazi. Tulipelekwa."

"Mlipelekwa kuwaangalia. Futa."

Akaifuta. Programu ikaomba radhi kwa adabu zote. Lakini shangazi alipoinuka kwenda jikoni, Chapuchapu aliiuliza wasifu upi ungemfaa zaidi, wenye sentensi ile au usio nayo. Ikamjibu kwamba bila sentensi ile, nafasi yake ya kuitwa ilikuwa finyu. Akairudisha kwa mkono wake mwenyewe, akatuma.

Kwenye usaili hawakumuuliza mengi. Wasifu zote zilikuwa zimechujwa na programu nyingine, na wake ulipita ukiwa juu. "Karatasi yako imejieleza," alisema msaili, akamwonyesha pa kusaini. Shangazi aliposikia kazi imepatikana alimkumbatia, na Chapuchapu akashindwa kumtazama usoni.

Aliajiriwa pamoja na mwenzake mwenye miwani mikubwa, wodi nzima ikimwita Miwani. Daktari wa wodi, mwanamume aliyechoka hadi macho, alifurahi waziwazi. "Wazoefu wawili kwa mpigo! Leo nitakula nimekaa."

Chapuchapu akajiwekea mpango: angemfuata Miwani. Miwani akigusa mrija, naye anagusa. Miwani akiinama kwenye mashine ya joto, naye anainama. Kitu kimoja tu kilimtatiza. Kila alipomtupia jicho, alikuta Miwani naye anamtazama. Alidhani ni heshima ya mtu na mgeni mwenzake.

Mchana mmoja daktari aliitwa chumba cha upasuaji. "Nawaachia wodi," alisema akivaa kofia. "Mkiwa wote wawili sina wasiwasi."

Mlango ukajifunga. Chumba kilikuwa na joto zito, mashine zikinguruma taratibu. Mdogo kuliko wote alikuwa binti wa fundi cherehani mmoja, mama aliyetoka muda si mrefu kwenda kumkamulia maziwa. Chapuchapu alimwangalia yule mtoto, akaona kifua kimetulia. Akasubiri kifua kipande tena. Hakikupanda. Midomo ikaanza kuwa ya buluu, na ndipo mashine ikalia.

"Dada, wahi!" Chapuchapu alisema.

"Mimi?" Miwani alirudi nyuma. "Wewe ndiye mzoefu! Nilikuwa nakufuata wewe!"

Wakatazamana, mashine ikilia katikati yao. Kisha Chapuchapu akatoka mbio kwenye korido, akipiga kelele ya kumwita daktari.

Daktari aliingia na nguo za upasuaji. Alimsugua mtoto nyayo, akambana barakoa ya kupumulia usoni na kumsukumia hewa kwa mkono, hadi kifua kikapanda. Mtoto alilia kilio chembamba kama cha paka.

"Tuseme mashine ilichelewa kulia," Miwani alinong'ona.

Chapuchapu akatikisa kichwa. "Daktari, mimi sijawahi kuhudumia njiti. Wasifu ulisema uongo, na niliuacha."

"Na wewe?" daktari alimgeukia Miwani.

Miwani alivua miwani, machozi yanamtoka. "Programu iliniandikia yenyewe. 'Anayetambua hatari kabla mashine haijalia.' Nikaona si mbaya."

Chapuchapu akayatambua maneno yale, neno kwa neno.

Daktari akaketi. Mtoto alikuwa anapumua, alisema, ila kama ubongo umekosa hewa kwa kiasi cha kumdhuru, wangejua atakapoanza kukua. Yeye mwenyewe angemweleza mama yake. Kuhusu wao wawili, kesho wangekwenda utawala.

"Tutoke sasa hivi?" Chapuchapu aliuliza.

"Mtoke, nani abaki? Ngojeni wa zamu ya jioni." Akasita, kama mtu aliyekumbuka jambo. "Wa jioni wameajiriwa siku moja na nyinyi."

Mlango ulifunguliwa. Wauguzi wawili wakaingia wakicheka, sare zao zimepigwa pasi, wakaanza kunawa mikono.

"Poleni na kazi," alisema mmoja. "Nendeni mkapumzike. Sisi tupo."