Mikono ya Kobe

Dada yangu ndiye aliyenipa jina la Kobe, kwa sababu mgeni akibisha hodi nyumbani, mimi huwa nimeshaingiza kichwa ndani. Nilipoanza kufuga perege kwenye mabwawa mawili aliyotuachia baba, tatizo halikuwa samaki. Tatizo lilikuwa mdomo. Sokoni wenzangu waliita wateja, mimi nilikaa nyuma ya beseni kama niliyeliiba, hadi jua linapanda na mchuuzi mmoja anawachukua samaki wote kwa bei anayoitaka yeye.

Dada ni msusi, ana simu nzuri na hana haya. Akanifungulia ukurasa mtandaoni, akauita Samaki wa Kobe. Nilimwomba kitu kimoja tu, asinionyeshe uso. Basi akawa anapiga video za mikono yangu: inarusha pumba, inavuta wavu, inahamishia samaki kwenye tangi la buluu. Hilo la tangi tulijifunza hukohuko mtandaoni, kwa mfugaji mmoja aliyeeleza kwamba perege akishinda kwenye maji safi bila kula, ladha ya tope humtoka.

Watu wakaanza kuagiza kupitia simu ya dada. Sikuvua tena samaki wa kubahatisha. Nilivua walioagizwa tu, na bodaboda akawachukua wakiwa bado wanapiga mkia. Jioni dada alikuja kunisomea maoni ya watu, maana mimi niliishia darasa la tano na maandishi ya simu yananikimbia. Mmoja aliandika kwamba yuko tayari kuioa ile mikono, mwenyewe atajulikana baadaye. Tulicheka mpaka mama akatoka nje kuangalia kuna nini.

Halafu oda zikapungua, zikaisha. Dada akasema mtandao umepoa, watu wamehamia kwenye kuku. Nilimwamini. Hata hivyo kila Jumapili alikuja kupiga video, ati tusisahaulike. Mimi nikarudi sokoni na beseni langu.

Asubuhi moja bodaboda wetu wa zamani alimleta mtu mnene aliyevaa aproni ndani ya koti. Alikuwa mpishi wa hoteli, mteja wetu wa mwanzo kabisa, ambaye sikuwahi kumwona. Alikuja na hasira zake. Alisema samaki wetu siku hizi wananuka tope, walaji wanarudisha sahani, na yeye amekuja kuona kwa macho yake tumebadilisha nini. Nikamwambia kwamba sijamuuzia samaki tangu kabla ya mvua.

"Na wa jana?" akauliza.

Akatoa simu. Video ilikuwa ya juzi, mikono yangu na tangi langu. Juu yake ilisikika sauti ya dada akisema karibuni kwetu, na chini kulikuwa na namba ya simu, niliyoisoma tarakimu moja moja. Ilikuwa ya mchumba wa dada, mwenye mabwawa makubwa nyuma ya kituo cha mafuta. Niliijua, kwa sababu ndiyo tuliyopewa nyumbani ya kupigia mambo ya harusi.

Mpishi alitazama simu, akatazama kidole changu gumba chenye kovu la wavu.

"Ni wewe," akasema, hasira imemwisha. "Hii mikono naijua."

Sikulia mbele yake. Nilikwenda saluni. Dada alikuwa katikati ya kichwa cha mtu na hakuacha kusuka. Alisema yule ni shemeji yangu mtarajiwa, kwa hiyo hakuna kilichotoka nje ya familia. Alisema pia kwamba ukurasa aliufungua yeye, kwa simu yake, kwa vocha zake. Nikamuuliza, na mikono je?

"Si wewe uliyekataa kuonekana? Kobe, mtu asiye na uso ana wateja gani?"

Yule aliyekuwa akisukwa akainamisha kichwa, nafikiri alikuwa anacheka.

Nyumbani mama aliniambia nimeze, damu ni nzito kuliko maji. Lakini mimi riziki yangu iko majini. Kilichoniuma kuliko oda ni zile Jumapili. Dada alikuwa akinikuta nimerudi sokoni na samaki wasionunuliwa, ananipa pole, kisha ananiambia nigeuze kiganja kidogo, mwanga uingie.

Jumapili iliyofuata akaja tena na simu yake, kama hakuna kitu. Nikatia mikono mfukoni. Alisubiri, akacheka, akaniita Kobe, akasubiri tena, akaondoka.

Kesho yake nilimwomba mpishi aje na simu yake. Nilisimama kando ya tangi, jua usoni.

"Mimi ndiye Kobe," nikasema. "Samaki wangu ni hawa, kwenye tangi hili. Namba yangu ni hii."

Nikaitaja. Sikumtaja mtu mwingine yeyote. Mpishi akaituma video kwenye kundi la wapishi wenzake, na wao wakaipeleka walikoipeleka.

Simu yangu ya vitufe ikaanza kuita. Kila ikiita, nilimeza mate kwanza ndipo nikapokea. Kabla jua halijazama ikaingia meseji ya dada, neno moja tu.

"Umenianika."

Nilitaka kumjibu kwamba nilionyesha uso wangu, basi. Nikabonyeza, nikafuta, nikabonyeza tena. Meseji zangu zote, tangu nipate simu, alikuwa akiniandikia yeye.