Kiti cha Tatu Kulia

...hapana, hicho sicho, alitaka kusema, rudisheni, mmekosea, cha kuondolewa ni kile cha pembeni chenye mguu unaocheza, si hicho, lakini wabeba viti walikwisha kukiinua, mmoja mbele mmoja nyuma, kama watu wanaobeba mgonjwa, na mtunza bustani aliyekuwa amekikalia sasa hivi amesimama kando ya jukwaa anajipangusa suruali na kucheka, anacheka kwa sauti yake ile ya kuita mbwa, "Jamani, nimefukuzwa kazi! Uwaziri umeota mbawa, hata chai sijanywa!" na jukwaa zima likaangua kicheko, dereva aliyekalia mahali pa rais akacheka, dobi aliyekalia mahali pa mgeni wa heshima akacheka mpaka kofia ya kuazima ikamdondoka, na yeye Mwalimu, ndivyo walivyomwita wote pale ofisi ya itifaki kwa kuwa alifundisha chekechea miaka mingi kabla hajaletwa kuwapanga wakubwa mistari, yeye naye mdomo ulifunguka acheke na wenzake, akaufunga, maana mtunza bustani hakuwa mtunza bustani leo, leo na wiki nzima ya mazoezi ya sherehe ya uhuru ya kesho alikaa kwa niaba ya waziri wa mambo ya nje, na waziri wa mambo ya nje ni kaka yake, kaka yake wa tumbo moja, na kiti kile cha tatu kulia kwa rais kilikuwa kiti chake, yeye mwenyewe alikikaza misumari asubuhi na kukiwekea kimto kwa sababu ya ule mgongo wake unaomsumbua, na tazama, mbeba viti wa nyuma anarudi na kimto mkononi, amekishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, "Mwalimu, hiki kiende wapi?" akakipokea, akakikumbatia kifuani bila kujua, na mkuu wa itifaki kule chini akapiga makofi mawili, "Haya, sogezeni mstari! Pengo lisionekane! Mgeni aje huku, ndiyo, wewe dobi, jongea," na dobi akajongea na kiti chake, akakaa pale pale, mahali pale pale, bega kwa bega na makamu wa rais, akavuka mguu mmoja juu ya mwingine kama anavyofikiri mjumbe wa nchi kubwa hukaa, na pengo likazibika, hata mtu aliyekuwepo angeapa halikuwahi kuwapo... labda wamemhamisha, ndiyo, labda wamemsogeza upande wa kushoto, akatazama kushoto, majaji wako palepale, spika yuko palepale, mpishi anayekaa kwa niaba ya mkuu wa majeshi anasinzia palepale, hakuna kiti kilichoongezeka, na yeye anavijua viti, hakuna anayevijua viti nchi hii kama yeye, redio hukosea, magazeti huokota maneno ya sokoni, hata wake za wakubwa hudanganywa, lakini kiti kikitoka jukwaani kabla ya sherehe mwenye kiti amekwisha, anajua hivyo kama anavyojua a-e-i-o-u, na bado miguu yake ilikwenda yenyewe mpaka kwa mkuu wa itifaki, akamsimamia mbele na kimto chake, na mkuu akatazama miti, "Usinitazame hivyo, Mwalimu. Mimi tarishi tu. Nimeambiwa nami nawaambia." "Mwenyewe anajua?" "Tangazo litatoka mgeni akishapanda ndege. Isije ikaonekana tumemfurahisha mgeni." "Basi na kesho? Kesho akija, mkuu? Anakuja na mama." Mkuu akajikuna shingo, si mtu mbaya, hilo ndilo linalotisha, si mtu mbaya hata kidogo, alikuja msibani baba alipofariki akakesha nasi, "Akija utampokea wewe pale langoni. Umwelekeze kwenye viti vya wananchi. Wewe dada yake, hawezi kupiga kelele mbele yako," akageuka, akaiinulia mkono bendi ya polisi, "Wimbo wa taifa, wote wima!" na wote wakasimama wima, naye akasimama wima, mikono chini, kimto kikaanguka majanini, na tarumbeta zikaanza.

Hawezi kupiga kelele mbele yako... kumbe ndiyo sababu, wiki nzima alikuwa akijiuliza kwa nini mwaka huu amepewa lango kuu, akadhani ni heshima, akamwambia na mama, mama, mwaka huu nimepewa lango kuu, mama akasema Mungu hamtupi mja wake, watoto wangu mmoja jukwaani mmoja langoni, na sasa simu, ndani ya mfuko wa sketi simu ikaanza kutetemeka, anajua ni nani bila kuitazama, ni yeye, hana mwingine anayempiga saa hizi, na wimbo wa taifa unapigwa na mtu hasogezi hata kidole, ndivyo alivyowafundisha wote hawa, dereva, dobi, mpishi, aliwafundisha kama alivyofundisha watoto, nzi akikutulia puani mwache, huyo nzi naye ni raia, atasubiri, wakacheka sana siku ile, na simu ikatetemeka ikanyamaza, asubuhi alipiga vilevile, anapenda kumpigia wakati anafunga tai, "Mdogo wangu, umenipangia pazuri?" "Pazuri, nimekuwekea na kimto." "Usinidekeze, watasema upendeleo." "Mgongo wako si wa serikali, ni wa mama," na kaka akacheka, kile kicheko chake cha puani, akasema mama anashona gauni toka juzi, kila mtu anayepita barazani anaonyeshwa, anataka kujua kama kutoka kwenye viti vya familia ataniona uso au atauona mgongo tu, naye akajibu ataona uso, nimepima mwenyewe, nilikaa pale nikamtazama mtunza bustani usoni... na mama atakaa pale, na gauni, na miwani yake mipya, atamtafuta mwanawe kiti baada ya kiti kama mtu anayetafuta jina kwenye matokeo ya mitihani, na atakachokikuta ni mgeni, mgeni ambaye babu yake huyo mgeni, au mjomba wa babu yake, au watu kama yeye basi, walimfanya baba awe mtumishi wa mezani katika nyumba ya gavana wa kikoloni, baba aliyefuta vumbi viti ishirini na vinne vya chumba cha kulia kila asubuhi ya ujana wake na hakuwahi kukalia hata kimoja, na sherehe moja ya uhuru, nchi yetu ikiwa bado mbichi, watumishi wa zamani walialikwa katika nyumba ile ile wakaambiwa kaeni wazee, sasa vyenu, na baba akakaa ukingoni, nusu ya makalio, kama ndege kwenye waya, hakuegemea mpaka chakula kikaisha, na kaka, alikuwa shule ya msingi tu, akamnong'oneza, baba egemea, hakiumi, baba akasema najua hakiumi mwanangu, mgongo ndio haujui... tarumbeta zinapanda, wanapiga vizuri leo, ubeti wa kwanza huu, na nini alichofanya kaka, nini hasa, aliiba? hakuiba, alisema tu, mezani, mwezi uliopita, kwenye chakula cha kuuimarisha urafiki wa nchi yetu na nchi ya huyo mgeni, alisema ile kambi yao ya jeshi kule kilimani mkataba wake umefika mwisho, na balozi wao akatabasamu akasema mikataba kati ya marafiki haina mwisho, na kaka naye akatabasamu, akasema kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, mkalimani akatafsiri, balozi akauliza jembe ni kitu gani, akaelezwa, wakacheka meza nzima, balozi akacheka kuliko wote, na Mwalimu alikuwa amesimama kule mlangoni akihesabu sahani akafurahi moyoni, akasema moyoni kaka yangu huyo, na kumbe kile hakikuwa kicheko, kilikuwa meno tu... na watu walimpigia kura kaka, walipanga foleni juani, yeye mwenyewe alipanga foleni, kidole kikatiwa wino, na rais alipomteua waziri bunge likapiga meza, na wazee wa jimbo wakamvisha koti, yote yale, safari yote ile ndefu ya kumfikisha mtu kwenye kiti, na kumtoa ilihitajika nini, wabeba viti wawili, kumbe mlango wa kuingilia una wapiga kura na mlango wa kutokea una wabeba viti, na nani kawatuma wabeba viti, rais? labda rais, lakini kesho atakayekaa pale pale kwenye alama za miguu ya kile kiti ni nani, si mtu wa chama kingine, si hasimu wake wa jimboni, ni mjumbe wa nchi ile ile, amesogea kiti kimoja, kimoja tu, na sisi tutapiga mizinga na kuachia njiwa na watoto wa shule wataimba tuko huru... na simu tena, inatetemeka pajani kama kifaranga, kaka mvumilivu, atapiga mpaka apokewe, na atamwambia nini, afikiri upesi, atasema kaka nimeota ndoto mbaya, hapana, kaka haogopi ndoto, atasema mama ana homa, lakini mama yupo hapo hapo naye anashona, basi wewe uwe na homa, kaka, mgongo umekukamata, huwezi kuinuka, kaa nyumbani kesho, daktari amekukataza, mama nitamwambia jua ni kali sana uwanjani, tutatazama kwenye runinga sote watatu, nitaomba ruhusa, na mgeni akiondoka tangazo likitoka utakuwa umekaa kwako, umevaa kandambili, hakuna atakayekuona ukitafuta kiti, hakuna mpiga picha, hakuna atakayecheka, ndiyo, hivyo, mgongo, uongo mdogo tu, dada anayeficha aibu ya nduguye hana dhambi, na karibu atoe simu, karibu kabisa, mkono ulikwisha kuanza kupanda, halafu akamwona dobi. Dobi amesimama wima kama mlingoti, mahali pa kaka, uso mkunjufu, hana kosa lolote masikini, na kushoto kwake makamu, kulia kwake waziri mwingine, bega kwa bega, nafasi sawasawa kama meno ya mtoto, na hapo akaliona, mgongo ukimuuma kaka kesho basi pengo litakuwa halikuzibwa na mkuu wa itifaki wala na balozi, litakuwa limezibwa na kaka mwenyewe, kwa mgongo wake mwenyewe, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemshikia koleo, watu watauliza yuko wapi waziri, wataambiwa anaumwa, pole yake, na siku tatu baadaye redio itasema amepumzishwa kwa sababu za afya, na itakuwa kweli, dada yake mwenyewe alisema, hawakuogopa kelele zake tu, walitaka asionekane kabisa, na langoni nimewekwa kwa sababu hiyo, wanajua dada atamfichia nduguye, wametega kwa mapenzi yangu kama mtu anavyomtegea ndege kwa mtama... aibu, kila mara aibu, lakini aibu ya nani, kule chekechea mtoto akinyang'anywa kiti hatukumficha nyuma ya mlango ili asionekane analia, hatukumpeleka kwao, alisimama pale pale kiti kilipokuwa, na darasa zima likamtazama yeye, halafu likaanza kumtazama aliyekaa, na aliyekaa akaanza kujipindapinda, hakuna aliyemgusa, kiti chenyewe kikamwasha, mara mia ameliona hilo, kwa watoto wa miaka mitano, na watu wazima hawa amewapanga mistari miaka yote hii hajaona tofauti yao na wale isipokuwa viatu, na wao wanategemea nini kesho, wanategemea mtu asimame wapi, mtu mwenye suti yake, mtu aliyepigiwa kura, na mama yake mkono wa kulia katika gauni jipya, wasimame tu, kimya, hawapigi kelele, nani alisema watapiga kelele, wasimame mbele ya jukwaa miongoni mwa wananchi ambako kila jicho litawafikia, tangu mzinga wa kwanza mpaka wa mwisho, na watu waulizane, yule si waziri, mbona amesimama, na yule aliyekaa ni nani... ataipoteza kazi, hilo lilipita kichwani kama gari la barabara nyingine, alilisikia akaliacha lipite, kaka naye huenda akasema hapana, ni mgongo wake na jina lake, ni haki yake kusema hapana, lakini aseme akijua, asije akafika langoni kwangu anachekacheka, ananyoosha mkono, mdogo wangu umenipangia pazuri... hilo siwezi, wapewe wengine kazi hiyo, hilo siwezi. Bendi ilikuwa imeingia ubeti wa pili, ule wa polepole, wote wima, mtunza bustani wima majanini na mkono kifuani, mkuu wa itifaki wima, na simu bado inatetemeka, na yeye Mwalimu akaingiza mkono mfukoni mbele ya bendi na mbele ya bendera, akaona macho ya mkuu yakimgeukia bila shingo kugeuka, yakimwambia Mwalimu, Mwalimu, wimbo huo, akabonyeza, akaipeleka sikioni, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia, sauti ya darasani.

"Kaka, kiti chako wamekiondoa. Nisikilize mpaka mwisho, halafu utaamua mwenyewe. Kesho ukija, mlete mama, mje mapema, mpate mahali pa mbele pa kusimama."